Kauli ya Kutendesha

Chukua maneno ya kompyuta yaliyotungwa kwa Kiswahili tangu miaka ya tisini, utazame vitenzi vyake. Washa. Anzisha. Endesha. Sakinisha. Sasisha. Wezesha. Amilisha. Hamisha. Vyote vina sauti moja, ile -sh- ambayo sarufi huiita ya kauli ya kutendesha. Waka, washa. Enda, endesha. Anza, anzisha. Kitenzi cha kauli hii hakitoshelezwi na jambo lenyewe, kinataka mtu. Taa inawaka, basi, sentensi imetimia. Taa imewashwa, na hapo hapo msikilizaji anataka kujua imewashwa na nani.

Nimelifikiria sana hilo "nani" tangu watu wa huku kwetu Kinna waanze kuulizana habari za mifumo endeshi. Kinna iko kusini mwa Kaunti ya Isiolo, kwenye barabara itokayo Maua kwenda Garba Tula, jirani na Mbuga ya Meru na Hifadhi ya Bisanadi. Laptop zinazoingia majumbani hapa nyingi ni za mtumba: zimetumika ofisini Ulaya, zikashushwa Mombasa, zikapita Nairobi, zikaishia mezani kwa mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo. Mashine ya namna hiyo, tuseme ThinkPad X240 iliyotolewa mwaka 2013, ina kibodi imara na ina kazi nyingi bado mbele yake. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haiikubali mashine hiyo. Inataka kichakataji cha kuanzia kama mwaka 2018 hivi, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la pili. Kompyuta imeambiwa imezeeka ingawa hakuna kilichoharibika ndani yake. Ndipo mwenyewe anasikia kwa rafiki kwamba upo mfumo mwingine, Linux, ambao utaikubali mashine yake kama ilivyo, tena ni wa bure. Anakuja kuuliza. Na kila anayeuliza anauliza kwa maneno, kwa hiyo kabla hatujaigusa kompyuta tumekwisha kuanza kazi ya istilahi.

"Mfumo endeshi" ndilo jina linaloelekea kushika, likishindana na "mfumo wa uendeshaji". Mimi naliunga mkono la kwanza kwa ufupi wake, na kwa sababu "uendeshaji" limekwisha kuchoshwa na kazi za ofisini. "Mfumo" ni neno zuri mno. Linatokana na kufuma, nyuzi nyingi zikashikana zikawa kitambaa, na ndivyo kilivyo kitu chenyewe. Tatizo langu liko kwenye "endeshi". Kuendesha kunatuletea dereva, usukani, na chombo kimoja kinachofuata njia moja. Mzee mmoja, jirani yangu, alinikuta kivulini nimeifungua laptop, akauliza: "Mwalimu, dereva wa hii ni wewe ama ni yeye?" Nikamjibu, "Mzee wangu, ni sisi wawili." Hakuridhika, na alikuwa na haki, maana gari lenye madereva wawili halifiki.

Nikaliacha gari. Kwa Waborana liko neno ambalo kwa kazi hii linanikaa vizuri zaidi: herega. Herega ni utaratibu wa zamu za kunywesha mifugo kisimani, na anayeusimamia huitwa aba herega. Kazi yake hasa ni kujua: nani atangulie leo, nani afuate, ng'ombe wa nani wanywe lini, mgeni aliyefika jana awekwe wapi katika msururu. Kundi kubwa halikimezi kisima kwa sababu ni kubwa, na mpita njia mwenye kiu hafukuzwi. Basi ndani ya kompyuta kisima ni kichakataji. Programu zinazotaka kunywa ni mamia, hata wakati mwenye mashine anadhani amefungua moja tu ya kuandikia barua. Saa inataka, mtandao unataka, kipanya kinataka, sauti inataka. Mfumo endeshi humpa kila mmoja zamu ya sehemu ndogo sana ya sekunde, humwondoa, humwita mwingine, kisha humrudia wa kwanza, kwa kasi ambayo macho yetu yanaona kama kwamba wote wanakunywa pamoja.

Mzee alielewa papo hapo, na maswali yaliyofuata yalikuwa ya mtu anayejua ugumu ulipo. Kisima kikipungua maji, inakuwaje? Nikamweleza kwamba kumbukumbu ya mashine ikijaa, mfumo huhamishia baadhi ya vitu kwenye diski, mahali pa polepole. Na ikizidi kubana, Linux huchagua programu moja, kwa kawaida ile inayotumia nafasi kubwa kuliko zote, ikaiua ili nyingine zipone. Na mwenye nguvu akikataa kutoka? Hawezi, nikasema, kwa sababu zamu hukatwa na saa ya mashine yenyewe, wala programu haiombwi radhi. Na wapo wanaokubali kusubiri kwa hiari yao? Wapo. Kila programu katika Linux ina namba ya upole, kuanzia -20 hadi 19, na kadiri namba inavyopanda ndivyo programu inavyowapisha wenzake.

Sikuyatunga hayo ili yafanane na mila za kisimani. Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.23 la Linux, mhandisi Ingo Molnár aliingiza utaratibu mpya wa kugawa zamu, akaupa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "mgawazamu wa haki kamili". Ulifanya kazi miaka 16 hadi ulipoanza kubadilishwa na mwingine mwaka 2023, katika toleo la 6.6, na waliobishana juu ya mabadiliko hayo walibishania haki: je, anayehitaji maji kidogo lakini upesi atendewe sawa na anayehitaji mengi lakini anaweza kungoja? Neno "mgawazamu" silioni katika orodha za istilahi ninazozijua. Naliweka hapa, kwa maana "endesha" halimwonyeshi mtu kwamba kazi kubwa ya kitu hiki ni ugavi.

Jina "mfumo endeshi" lenyewe sasa halitang'oka, wala sioni faida ya kuling'oa. Lakini mzizi wake umebebeshwa mizigo mingi mno. Kuna waliokiita kifaa cha kuhifadhia data "kiendeshi". Kuna waliotumia "kiendeshi" hicho hicho kwa programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na printa au kadi ya sauti. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuandika, bila kosa lolote la sarufi, kwamba mfumo endeshi unahitaji kiendeshi cha kiendeshi. Mafundi wa Isiolo na Maua husema "diski" na "draiva", na sijawahi kuona mteja amechanganyikiwa. Hapa nawafuata mafundi.

Kuna upungufu kama huo kwenye "kiini". Linux, tukisema kwa usahihi, ni jina la sehemu moja tu ya mfumo, ile ya ndani kabisa, iliyoanzwa na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991. Sehemu hiyo tumezoea kuiita kiini, na ni neno jema: kiini cha yai, kiini cha hadithi. Ila wauzaji wa laptop nao wanasema kichakataji kina "viini vinne", wakimaanisha jambo jingine kabisa. Kiswahili kina "kokwa", ile mbegu ngumu ndani ya embe. Kokwa kwa sehemu ya ndani ya mfumo, kiini kwa kichakataji: mgawanyo huo ungetupa nafuu, na naamini haujachelewa.

Maneno haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, BAKITA iliyoundwa mwaka 1967, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam: kila moja ililima shamba lake. Kwa kompyuta, miaka iliyoamua mambo ni 2004 na 2005. Mradi ulioitwa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice mwezi wa Desemba 2004, programu za kuandikia na kufanyia hesabu zenye menyu za Kiswahili. Wakati huo huo Microsoft ilikuwa imewakusanya wataalamu wa Afrika Mashariki watunge istilahi za Windows na Office. Vikundi viwili, lugha moja, na karibu wakati mmoja. Kile cha Dar kikaandikisha kazi yake kama Kiswahili cha Tanzania, na cha Microsoft kikaandikisha yake kama Kiswahili cha Kenya, jambo ambalo hadi leo linaonekana kwenye orodha za lugha za programu hizo. Na lile jina Kilinux linanifurahisha kila nikiliandika. Ki- ya Kiborana, Kimeru, Kiswahili. Aliyelibuni alijua kwamba mfumo unaozungumza nawe ni lugha, na kwamba lugha hupewa ki-.

Kenya tukachukua "tarakilishi" kwenye vitabu vya shule, tukabaki na "kompyuta" midomoni. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo mawili.

Neno ninalotaka kukaa nalo ni "sakinisha". Ukiweka mfumo endeshi kwenye mashine, unausakinisha. Kusakini ni kukaa mahali, kufanya makazi. Maskani ni ndugu yake. Kwa hiyo kusakinisha ni kumfanya mtu awe mkazi. Walioliteua neno hili walichagua vizuri kuliko pengine walivyojua, kwa kuwa lina wapangaji, lina nyumba, na lina mwenye nyumba. Lakini huku kwetu, kufanywa mkazi kuna historia. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, familia za wafugaji zilikusanywa kambini, Garba Tula na Merti, mifugo ikaangamia, na Waborana wanaukumbuka wakati huo kwa jina la Gaaf Daba. Wazee wanajua tofauti ya kukaa na kukalishwa bila kufundishwa na kitabu cha sarufi. Ndiyo sababu nikitumia "sakinisha" mbele yao, swali la "nani" huja upesi sana.

Nani alisakinisha Windows kwenye laptop yako? Ukimwuliza mtu hapa, kwa kawaida atasema, "Ilikuja nayo." Sentensi hiyo haina mtendaji. Mfumo umesakinishwa kiwandani, au dukani kwa fundi aliyefomati mashine na kuweka nakala asiyo na leseni yake, na mnunuzi hakuhusishwa kamwe. Miaka yote anayoitumia mashine yake, kitenzi hicho hakijawahi kumpata yeye kama mtendaji. Siku anayoketi na flashi yenye Linux Mint, mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux, ndiyo siku ya kwanza anaposema "nimesakinisha", na nimeona watu wazima wakilitamka neno hilo kwa fahari ambayo sikuitarajia.

Hatua zenyewe ni chache. Faili la mfumo ni karibu gigabaiti 3, kwa hiyo huku watu hulipakua mjini kwenye intaneti nzuri au hugawiana kwa flashi. Flashi ikichomekwa, mashine inawashwa huku kidole kiko kwenye F12, na orodha inatokea ya mahali pa kuanzia. Mashine inaamkia kwenye flashi, diski ya ndani haijaguswa. Hapo mfumo umefika lakini haujasakini: unaweza kufungua faili, kupiga muziki, kujaribu kama Wi-Fi inashika, kisha ukazima na kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa. Kwenye kioo kuna alama ndogo ya kusakinisha, inakungoja. Ukiibonyeza unaulizwa maswali machache, na moja ni zito: je, mfumo huu mpya ukae kando ya ule wa zamani, kila mmoja na sehemu yake ya diski, au wa zamani ufutwe? Nimewahi kumwona kijana wa chuo akisimama kwenye swali hilo kwa muda mrefu, mkono umeshika kipanya, akimwita dada yake ahakikishe kwamba picha zao zimenakiliwa kwingine. Ndivyo ipasavyo. Swali la makazi halijibiwi kwa pupa, na mashine iliyomuuliza mwenyewe imemheshimu.

Sasa lije neno "bure", ambalo limeifanyia Linux madhara kuliko adui yeyote. Kwa Kiswahili, bure ni kisicholipiwa, na bure pia ni kisicho na maana: kazi bure, maneno bure, kujisumbua bure. Ukimwambia mtu wa Kinna kwamba mfumo mzima, pamoja na programu za kuandikia, ni wa bure, anasikia maana zote mbili, kisha anasema lile neno la tatu: "Si bure." Yaani kuna jambo limefichwa. Watu wa Ubuntu, mfumo mwingine uliojengwa juu ya Linux, walipoanza Oktoba 2004, wakiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, walikuwa wakituma CD kwa posta popote duniani bila malipo, hadi mwaka 2011. Jina lao Mmeru wa Maua hulitambua kwa sikio, maana muntu ni wa kwao, na Mswahili hulisoma kama utu. Mborana halimwambii kitu. Hata hivyo wote watatu wakipokea CD ya bure watauliza swali moja: nani amelipa? Ni swali la haki, na lina jibu. Sehemu kubwa ya kazi kwenye Linux hufanywa na wahandisi walioajiriwa na makampuni yanayoitegemea, yakiwemo Intel, Google na Red Hat. Yanalipa kwa sababu yanaitumia, na leseni inadai kwamba anayeusambaza mfumo alioufanyia marekebisho aufungue pia msimbo wa marekebisho hayo.

Leseni ndiyo moyo wa jambo, na hapa Kiswahili kina bahati. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa programu za namna hii, GNU, mwezi Septemba 1983, amelazimika kwa miaka mingi kuwafafanulia wasemaji wa Kiingereza kwamba neno analotumia, "free", halizungumzii bei. Sisi tuna bure na tuna huru, hayachanganyiki. Tena tuna neno la tatu, "huria", ambalo ndilo lililochaguliwa: programu huria. Wengine wangependa "programu huru". Nadhani waliochagua huria walisikia sawasawa. Programu huru ingekuwa programu isiyo chini ya mtu. Huria ni hali ya mlango: soko huria, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mahali ambapo yeyote aingie. Uhuru unaozungumzwa ni wa watu, ule wa kuitumia programu kwa lolote, kuichunguza inavyofanya kazi, kuigawa kwa jirani, na kuirekebisha na kuigawa ilivyorekebishwa.

Katika huo wa mwisho ndimo nilimokuta jambo linalonifanya niipende lugha hii zaidi. Fungua programu yoyote yenye menyu ya Kiswahili, karibu na "Faili" utaona "Hariri". Kuhariri ni kusahihisha andiko, kulinyoosha. Gazeti lina mhariri na tahariri. Sasa mwombe mwalimu wa madrasa, nao hatuwakosi hapa Kinna, akuandikie kwa Kiarabu asili ya huru, ya huria na ya hariri. Ataandika mzizi mmoja, ha na ra na ra. Kwa Kiarabu kitenzi harrara ni kumwacha mtu huru na pia ni kuliandaa andiko. Tahrir ni ukombozi na ni uhariri. Kiswahili kilipokea matawi hayo kwa nyakati na njia mbalimbali, tukasahau kwamba ni ya mti mmoja. Basi programu huria, ukiifuata hadi kwenye mzizi, ni ile iwezayo kuhaririwa na mwenye kuitumia. Hakuna mwanakamati aliyepanga hivyo, nijuavyo mimi. Istilahi ilijipata imesema kweli.

Kwa upande mwingine kuna neno ambalo ningependa tulipunguze, nalo ni "mbadala". Mfumo mbadala, nishati mbadala, tiba mbadala. Kitu kikiitwa mbadala, kimekwisha kukaa kwenye kiti cha pili, kinangoja cha kwanza kikose. Kwenye laptop za nyumbani Linux kweli ni ya wachache. Lakini simu za Android, tangu ya kwanza ilipouzwa mwaka 2008, zina kokwa ya Linux ndani yake. Mchungaji anayeulizia bei ya mbuzi kwa simu ya Android, muuza duka anayepokea malipo kwa simu hiyo hiyo, binti anayerekodi harusi, wote wanatumia Linux tangu asubuhi hadi usiku. Na tangu Novemba 2017 kompyuta kuu 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zinazoorodheshwa mara mbili kwa mwaka, zote zinaitumia. Huku kwetu paneli za jua nazo zinaitwa nishati mbadala, ilhali kwa nyumba ambayo nguzo za umeme hazijaifikia, jua ndilo umeme wenyewe. Mbadala kwa nani? Neno hilo huchukua kiti cha mwenye kusema na kukifanya kipimo cha wote. Napendelea "mfumo mwingine", maneno mawili ya kawaida yasiyompangia mtu kiti.

"Sasisha" ni sifa kwa aliyelibuni. Alichukua kielezi, sasa, akakifanya kitenzi, jambo ambalo Kiswahili hulifanya kwa nadra, na matokeo yake yanaeleweka bila kamusi: kuleta kitu kwenye sasa. Tazama kinachotokea likiingia matumizini. Watu hapa hawasemi "nimeisasisha kompyuta". Husema "inajisasisha", mara nyingi kwa uchungu, maana imejisasisha katikati ya kazi, imemaliza bando la wiki, ikajizima, ikajiwasha. Ile -ji- ni silabi ndogo inayomtoa mtu kwenye sentensi yake mwenyewe. Linux Mint huweka alama pembeni mwa kioo kwamba kuna masasisho, na kwa kawaida husubiri mwenyewe aibonyeze. Ambaye bando lake linakwisha leo ataibonyeza Jumatatu. Huo ni uamuzi mdogo, lakini ni wake, na sarufi yake inabadilika: nitaisasisha Jumatatu. Ni kweli kwamba anayeachiwa uamuzi anaweza kusahau, na mashine iliyosahauliwa hupata hatari zake. Kitenzi kikimpata mtu kama mtendaji kinampata na lawama pia, na hilo nalo nawaambia wanaokuja kuuliza.

Ukiingia kwenye mipangilio ya lugha katika Linux utakuta Kiswahili mara mbili, cha Kenya na cha Tanzania, vikiandikwa sw_KE na sw_TZ. Ukishuka katika orodha utakuta pia om_KE, Kioromo cha Kenya, ambacho ndicho mlango wa Kiborana chetu. Kuna na so_KE, Kisomali cha Kenya. Mara ya kwanza kuionyesha om_KE kwa wanafunzi, walinyamaza kwanza, kisha mmoja akataka kujua ni nani aliyeiandika. Kwa sehemu kubwa mlango huo unafunguka kwenye chumba kisicho na samani, kwa maana menyu hazijatafsiriwa. Hata kwa Kiswahili kazi iko nusu: utasoma "Hifadhi" hapa, na mstari wa chini yake bado ni Kiingereza. Tofauti ni kwamba mstari huo wa chini unaweza kuupendekezea tafsiri leo, ikasomwa na wengine, ikapingwa au ikakubaliwa, na katika toleo lijalo ikaonekana kwenye mashine za watu usiowajua. Si lazima ujue kuandika programu. Unahitaji kuijua lugha, na kuwa tayari kubishana juu ya neno moja jioni nzima.

Jioni yetu ya karibuni ya kutafsiri tuliimaliza kwenye neno moja kama hilo. Flashi ikiingizwa kwenye tundu, mfumo huisoma, huipa mahali kwenye mpangilio wa faili, ndipo yaliyomo yanaonekana. Kitendo cha mkono tunacho: chomeka, na kinyume chake chomoa. Kitendo cha mfumo hakikuwa na jina, na kwa kukosa jina kimekuwa hakijulikani, ndiyo maana watu huchomoa flashi wakati mfumo haujamaliza kuandika na kazi ya wiki nzima ikaharibika. Mmoja akaleta "pandisha", tukaikataa kwa sababu mkononi mwa kila mtu tayari ni kupeleka picha mtandaoni. Mwingine akaleta "funga", ikawa na maana nyingi mno. Tukashika "pachika", na kinyume chake "pachua". Pachua kwanza, ndipo uchomoe. Mwanafunzi anayeambiwa hivyo anajua kwamba matendo ni mawili na watendaji ni wawili, mfumo na mkono wake, na anajua nani atangulie. Pendekezo tumekwisha kulituma, na aliye na neno lililo bora kuliko "pachika" bado anaweza kuliweka kando yake likasomwe.